Jinsi nilivyoizuia swichi ya mtandao kujizima kila mota ilipowashwa

Swichi ya mtandao, yaani kifaa kinachounganisha mashine kwa kebo za mtandao, niliyoifunga kwenye reli ya kabati la umeme kiwandani ilikuwa ikizima na kuwaka upya kila mota ya konveya ilipoanza kuzunguka, na wenzangu walikwisha kuamini kuwa kifaa chenyewe ni kibovu. Niliitegesha mita ihifadhi kipimo cha chini kabisa, mota ikawashwa, na volti 24 zinazoilisha swichi zikaonekana kushuka hadi 9.

Nilipoulegeza waya wa chanya, niliona nyuzi tatu tu zimebanwa na skrubu, nyingine zimejikunja nje. Isitoshe, pawasaplai hiyohiyo, kifaa kinachotoa volti hizo 24, ndiyo iliyolisha koili za kontakta, yaani swichi za sumaku zinazowasha mota, jambo ambalo kwa maoni yangu halifai kabisa.

Nilikata ncha ile, nikaivisha feruli, kijibomba cha chuma kinachokusanya nyuzi zote, na kuibana upya, kisha nikafunga pawasaplai mpya ya swichi peke yake kwenye ingizo la kwanza la umeme la swichi na kuiacha ya zamani kwenye ingizo la pili kama akiba. Waya wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini) niliuunganisha moja kwa moja na baa ya ethi. Kebo ya mtandao, iliyokuwa imefungwa pamoja na kebo ya mota, niliihamishia njia yake. Mota iliwashwa mara 20 mfululizo, na taa ya kijani ya swichi haikupepesa.