Swali la Mama kwenye Noah

Saa sita usiku na bado nalisikia. Tulikuwa siti ya nyuma kabisa kwenye Noah ya Kibosho, mkungu wa ndizi wa abiria mwingine umenibana goti. Mama ameshika bahasha ya majibu ya hospitali, kansa ya utumbo mpana, kwa vidole viwili, vile anavyoshika bahasha ya sadaka. Akauliza bila kunitazama: "Kwa hiyo na wewe nimekupa?"

Nikamjibu, "Mama, tutaongea nyumbani."

Nyumbani hatukuongea. Tangu Jumanne namjibu upya peke yangu: nikiosha vyombo, nikipanga foleni ya benki, hata kwenye send-off ya Happy (ilipendeza, picha nitaweka).

Chanzo ni daktari kuuliza habari za ukoo. Mjomba Eliya aliondoka na kansa ya utumbo ana miaka 44. Babu naye alikufa kwa "tumbo", kama wazee wanavyosema. Daktari akaacha kuandika. Akatueleza taratibu kwamba ngozi ya ndani ya utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache, na kila seli ikitaka kugawanyika sharti kwanza inakili DNA yake yote, herufi kama bilioni 6. Kinachonakili hukosea, kama mara moja katika kila herufi laki moja. Mengi hujisahihishia hapo hapo. Yanayokipita yanafuatwa na kikosi kingine cha ukaguzi, na mwisho hubaki makosa ya kuhesabika. Anahisi katika ukoo wetu kikosi hicho ndicho kibovu, na tumerithishana. Watapima kipande cha uvimbe wa Mama, kisha damu yake, ndipo waseme kwa uhakika. Wengi wenye kansa ya utumbo mpana hawakurithi, alisema. Wenye tatizo hili ni kama watatu katika kila mia.

Mimi nilimwelewa kuliko alivyodhani, maana ndiye katibu wa kikoba. Januari nilihamishia hesabu kwenye daftari jipya, 37,000 ya Mama Neema nikaiandika 73,000. Mama Lightness aliikamata, yeye husoma kila mstari kwa sauti, kidole juu ya karatasi, anaudhi kweli. Kisha akaenda Tanga wiki tatu. Aliporudi alikuta nimekosea mahali pamoja tu, lakini masalio yote ya chini yake yalikuwa yamepinda, kwa kuwa kila salio hujengwa juu ya la jana. Ndivyo na seli. Kosa moja peke yake kwa kawaida halileti kansa. Ila mkaguzi akikosekana makosa yanarundikana, seli inairithisha seli, mpaka yanaziangukia jeni zinazosema "gawanyika" na zile zinazosema "basi, inatosha".

Haya yote ningeweza kumwambia Mama pale kwenye Noah. Nikamwambia tutaongea nyumbani.

Alhamisi nikapanda. Nimemkuta jikoni anamenya ndizi za mtori, mikono imeshaingia utomvu. Nikaanza kwa kunyata: kama ni lile la kurithi, kila mtoto ana nusu kwa nusu.

"Kama kurusha shilingi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Akamenya nyingine. "Hii pua nayo nilikupa. Mbona hujawahi kuniletea daktari kwa ajili ya pua?"

Jamani. Tulicheka mpaka kisu akakiweka chini. Alipotulia akasema, "Nenda ukapime. Na Elibariki umwambie, yule akiambiwa na mimi hasikii." Nikamweleza kwamba atakayekutwa nalo ataanza mapema kuchunguzwa utumbo kwa kamera, vinyama vikionekana vinaondolewa kabla havijageuka. Akauliza kamera hiyo inapitia wapi. Nilipomwambia, akacheka peke yake safari hii, na akaahidi kumpigia Elibariki yeye mwenyewe, ili amsikie atakavyonyamaza.

Chemo ya kwanza ni Jumatatu. Mimi kipimo changu hadi mwezi ujao.

Baraka naye amerudi na barua ya shule: viatu vyeusi vya kamba, si raba, kuanzia Jumatatu hiyo hiyo. Mtoto wa darasa la sita anavaa namba 44. Kesho naanzia Kiborloni kwenye mitumba, nikikosa huko sijui.