Gofia Niliyoianika

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka pwani na kipande cha mbao kilicholowa hadi moyoni, akakiweka dirishani kikauke. Nikamnyang'anya, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. “Bibi, mbona unakirudisha majini?” Sikuweza kumjibu. Nikakaa kitako.

Ilikuwa 1978. Mbele ya Ngome, Fort Jesus, wapiga mbizi walikuwa wakichimbua meli ya Wareno, Santo António de Tanna, iliyozama 1697, na Mombasa nzima ilizungumza hayo tu. Ami alikuwa akivua mbali na hapo. Siku moja nanga yake ilipanda na donge la tope, na ndani ya tope gofia ya chombo cha kale, kile kipande cha mbao cha kupitishia kamba: nyeusi, roda yake, gurudumu la kamba, bado imo, alama za patasi kama zimechongwa jana. Akaileta ndani ya ndoo, akaniachia, akaenda kuswali.

Mimi nikaiosha na kuianika juani. Kwetu kila kilicholowa kilianikwa. Mwanzoni ilipendeza, weusi ukafifia ukawa kahawia. Kisha nikasikia: ta! Nikainama. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa ukitembea kutoka tundu la kamba kuelekea ukingoni, naona kwa macho yangu. Ta! tena. Ubavu ukabonyea kama shavu la kizee asiye na meno. Nikaibana kwa mikono miwili nisiiache ifunguke, vipande vikabaki viganjani mwangu, vyepesi kama maganda ya kitunguu. Nikavirudisha majini mbio. Ufa haukufumba.

Ami alivitazama sana, hakunigombeza. Kesho yake tukaenda kwa mtu aliyezijua mbao za majini. Tope ndilo lililoihifadhi, akasema, kwani wadudu watoboao mbao hawaishi pasipo hewa. Lakini bakteria walikwisha kuila polepole selulosi, kitu kiipacho mbao nguvu, na umbo lote lilishikiliwa na maji. Yakikauka, huvuta kuta za vijumba vya mbao zikaangukiana. Ilitakiwa ikae majini, itolewe chumvi kwa maji matamu, kisha inyweshwe kidogo kidogo polietileni glikoli, kitu mfano wa nta kiyeyukacho majini. Baadaye nilisoma kuwa meli ya Vasa, kule Uswidi, ilinyunyiziwa dawa hiyo miaka 17.

Nilikuwa na miaka 12, ningejulia wapi? Nimejiambia hivyo mara nyingi. Hata leo mlango ukilia ta! usiku, naamka.

Ndoo iko chini ya ngazi. Pengine ni ubao wa mtumbwi wa juzi tu. Nimemwambia mjukuu abadilishe maji kila Ijumaa, naye ameniuliza mpaka lini.