Mtutu wa marehemu baba ulivyoanza kucheza

Fisi wa kwetu Magu hawana adabu. Ndiyo maana baba alikuwa na shotgun ya mtutu mmoja, ile ya kukunja katikati. Alipofariki tuliikabidhi polisi, nami nikaomba leseni kwa jina langu. Ilichukua muda, ila siyo kisa cha leo.

Usiku niliopiga mara ya kwanza, risasi ya pili haikulia. Nikaacha mdomo wa mtutu ukielekea mlimani, nikahesabu taratibu hadi thelathini, ndipo nikafungua. Fataki, kile kitufe cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti, ilikuwa imegongwa kidogo sana. Ganda la ile iliyolia, fataki yake ilitokeza nyuma kwa kiasi ambacho ukucha unakikwaruza.

Nikaikunja, nikaifunga, nikaitikisa: kimya. Nikajisemea risasi ndizo mbovu.

Fundi wa silaha mwenye leseni, pale Mwanza mjini, ni mzee asiye na haraka. Kabla ya chochote aliifungua kuhakikisha ni tupu, kisha akavua kile kipande cha mbao cha chini ya mtutu, unaposhika mkono wa kushoto. "Haya, tikisa sasa, kijana wangu." Ikalia kwa-kwa-kwa kama mlango wa daladala. Kumbe hiyo mbao ina chuma na springi vinavyobana mtutu, ukitikisa bila kuivua inakuficha. Akainyanyua bunduki kwenye mwanga wa dirisha: kati ya mwisho wa nyuma wa mtutu na uso wa bodi, kile chuma kinachoziba nyuma ya risasi, ulipita mstari mwembamba wa nuru. Fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mapengo, ikasoma milimita 0.2. Ndiyo maana fataki iligongwa kidogo.

Mtutu wenyewe ndani ulikuwa safi, unang'aa. Kilichoisha ni ndoano ya chini ya mtutu, inayokumbatia pini ya bawaba. Na humo kwenye ndoano mzee akachokoa kwa bisibisi kipande cha kopo la soda, kimekatwa kwa mkasi, kimebanwa hadi kimekuwa kama karatasi. Kuna mtu aliwahi "kutengeneza". Bati laini namna hiyo linapondeka kwa risasi chache, na pengo linarudi.

Ndoano iliisha kwa sababu mbili. Ya kwanza, pini ilikuwa kavu, imejaa kutu na mchanga. Unyevu wa ziwa hausamehi, na sisi nyumbani grisi tuliijua kwa baiskeli tu. Ya pili ndiyo iliyonishtua. Chini ya mtutu kuna mhuri: chemba, pale risasi inapokaa, ni ya inchi 2½, inayoitwa pia ya milimita 65. Miaka yote baba alinunua risasi za milimita 70, kwa sababu ndizo zilizokuwepo dukani. Zinaingia bila shida, maana urefu huo hupimwa ganda likiwa limeshafunguka. Ukipiga, mdomo wa ganda unafungukia pale chemba inapoanza kuwa nyembamba, njia inabanwa, presha inapanda. Bawaba ndiyo inayolipa.

Mzee akatoa pini ya zamani, akachonga mpya nene zaidi kwa milimita 0.4. Nikamuuliza mbona mara mbili ya pengo. Akacheka: unene unagawanyika pande mbili, nusu tu ndiyo inayousukuma mtutu nyuma.

Kisha ikaja kazi ya kibatari. Aliipaka pini masizi, akafunga, akafungua, akatazama ndoano imedokolewa weusi wapi, akagusa hapo kwa tupa ndogo. Tena masizi, tena tupa. Nilihesabu mara kumi na moja nikaenda kunywa chai. Niliporudi weusi ulikuwa umeenea ndoano nzima, na kipande cha karatasi ya daftari kilichobanwa kati ya mtutu na bodi kilichanika badala ya kutoka.

Siku hizi navua ile mbao kila mwisho wa mwezi, naitikisa, natia grisi kidogo kwenye pini. Risasi za milimita 65 bado nazitafuta. Mpaka nizipate, fisi tunawafukuza kwa kupiga debe.