Nasaba ya Kaburini

Jiwe la Plymouth msilifungie safari. Nimelipia maegesho pesa ambazo kwetu Kilwa ningekula samaki wiki nzima, nikaenda kuchungulia shimoni chini ya manguzo makubwa, nikaona jiwe la kukalia watu wawili, lilipasuka likaungwa, limechongwa 1620. Eti hapo ndipo walowezi wa Kiingereza waliokuja na merikebu ya Mayflower walipokanyaga mara ya kwanza. Bibi, ambaye safari ilikuwa yake, alicheka mpaka nikamshika asianguke na mkongojo wake.

Kazi yangu huku Massachusetts ni kutunza wazee majumbani. Bibi huyu anataka nimwite kwa jina lake tupu, mdomo wangu umekataa. Televisheni haimhusu, kutwa yuko na makaratasi ya ukoo. Babu yao ni John Howland, aliyekuja na Mayflower akiwa mtumishi wa John Carver, gavana wa kwanza wa koloni la Plymouth. Katikati ya Atlantiki, dhoruba imechachamaa, kijana akatoka juu ya sitaha, merikebu ikalala, akatupwa baharini. Bahati yake henza, kamba ya kupandishia tanga, ilikuwa inaburura majini. Akaidaka, akazama nayo, hakuiachia mpaka wakamvuta na kumwopoa kwa kulabu. Akaishi, akazaa watoto 10. Rais Franklin Roosevelt ni wa uzao huo, na marais wawili wa ukoo wa Bush pia.

Baada ya jiwe tukapanda Burial Hill, makaburini. Kilima kikali, na Bibi hataki kubebwa wala kusukumwa. Tulipofika kwa Howland akaweka kidole kwenye maandishi, akaniambia, "Nisomee mke wake ni nani." Nikasoma: Elizabeth, binti wa John Tilley.

"Basi jiwe lililokuwepo kabla ya hili lilisema ni binti wa Gavana Carver."

Wajukuu ndio walioliandika hivyo, karne ya 19. Kwa vizazi wajukuu walikuwa wakihadithiana kwamba babu yao, mtumishi, aliozwa nyumbani kwa gavana. Nani awabishie? Hati ya William Bradford, gavana aliyemfuata Carver, aliyeandika habari za koloni kwa mkono wake, ilikuwa imepotea kutoka Boston. Mwaka 1855 ikaonekana Uingereza, kwenye maktaba ya Askofu wa London kule Fulham. Ikachapishwa mwaka 1856, na ndani yake mna orodha ya abiria, nani alimwoa nani. Howland alimwoa Elizabeth Tilley, msichana aliyefiwa na baba na mama majira ya baridi ya kwanza, pale karibu nusu ya watu 102 walipokufa. Mtumishi kaoa yatima. Jiwe hili la sasa likasimamishwa mwaka 1897, mwaka uleule hati iliporudishwa Massachusetts.

"Miaka 41 baada ya kitabu kutoka," Bibi akasema. "Gavana mtamu, hatemwi upesi."

Nilicheka, lakini cheko langu halikwenda mbali. Sisi Kilwa tuna merikebu saba zilizotoka Shiraz, baba na wanawe sita, kila mmoja na chombo chake. Nimekua nikisikia watu wakijinasibisha na masultani wale. Mpishi wa merikebu, mabaharia, wanawake waliokutwa ufukweni wakilima mtama, hao sijui kizazi chao kiliishia wapi.

Chakula cha mchana kilikuwa mkate na kambakoche, kipande cha kuhesabu kwa vidole, bei nikamficha Bibi risiti ingawa mlipaji ni yeye. Nyumba ya Jabez, mwana wa Howland, bado imesimama mjini, nayo tuliitazama kwa nje tu kwa sababu miguu ya Bibi ilikuwa imekwisha. Njia nzima ya kurudi alilala.

Usiku, kwao asubuhi, nikampigia ami yangu Kivinje, maana yeye ndiye mwenye daftari la nasaba yetu.

"Shikamoo ami. Nipigie picha ile nasaba unitumie."

"Marahaba. Unataka ipi, ya Shiraz au ile aliyokuwa akiisema bibi yako mzaa baba?"

Nikamwambia zote mbili.

"Ya Shiraz nakutumia sasa hivi. Hiyo nyingine, kata tiketi uje."