Kidole gumba kwenye ukurasa wa siri

Saa 11 alfajiri natoka Bombo, giza bado zito. Taksi ikijaa abiria 14 tunaondoka. Ukichelewa nusu saa tu, foleni ya Kawempe na Bwaise itakumeza, hasa mvua ikiwa imenyesha usiku. Mimi ni mtafiti katika ofisi moja ya serikali hapa Kampala. Kazi yangu ni kuwaandikia wakubwa kurasa nne kuhusu mambo ambayo hawana muda wa kuyasoma kurasa mia mbili.

Saa 12 na nusu simu inatetemeka. Kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja, mtu ametupia faili: “Si ndiyo mambo yako haya?” Naona picha ndogo ya ukurasa wa kwanza. Muhuri mwekundu wa siri umegongwa upande, na pembeni kuna kidole gumba cha aliyeishika karatasi, kucha imekatwa vizuri. Sikulifungua. Nisijisifu, bando lilikuwa limeniishia. Jirani yangu wa kiti alikuwa ameshafika ukurasa wa tatu.

Saa 2 nafika ofisini na kukuta kijana wa meza ya pili amelifungua kwenye kompyuta ya kazi. Hapo ndipo shida ilipoanza, maana nakala ya mtaani sasa imelala ndani ya mashine ya serikali. “Lakini kila mtu analo,” anasema. Namwambia hati haivuliwi siri kwa kuvuja. Wamarekani waliliandika hilo waziwazi katika amri ya rais ya mwaka 2009. Mwaka uliofuata WikiLeaks, tovuti ya nyaraka zilizovuja, ikaanza kumwaga nyaraka zaidi ya 250,000 za balozi zao, na Desemba Maktaba ya Bunge lao ikaufunga mtandao huo kwenye kompyuta zake. Ndani ya maktaba hiyo ndimo walimo watafiti wanaowaeleza wabunge mambo ya dunia! Mwanafunzi wa Makerere angeweza kuzisoma kwenye kafe ya Wandegeya, mtafiti wa Bunge la Marekani asizisome kazini. Mimi naona walipitiliza, ila hofu yao naielewa.

Saa 4 tunateremka masijala kwa Afande. Alistaafu jeshini, na Kiswahili chake hakina mapambo.

“Umelifungua?”

“Hapana, afande.”

“Umemtumia mtu?”

“Hapana.”

“Kaa hivyo hivyo. Wewe kijana, usifute kitu. Chomoa waya wa mtandao, fundi anakuja.”

Namwonyesha ile picha ndogo, bila kuigusa. Anatazama chini kulia, mahali ambapo namba ya nakala huandikwa, kwa sababu kila nakala ya siri husainiwa kwa namba yake kwenye daftari. Pamekatwa. “Aliyepiga alijua akate wapi,” anasema, kisha anasukuma karatasi mbele yetu. Tuandike saa tuliyolipata, njia lililopitia, na kama lilifunguliwa au halikufunguliwa. “Usikisie.” Nikaandika jina la kundi. Jina la rafiki yangu sikuliandika, na Afande hakuniuliza. Hilo lilinikaa rohoni hadi jioni.

Saa 7, kwenye matoke na mchuzi wa karanga, kijana ananiletea Katiba. Kifungu cha 41 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ni kweli, ila kifungu hicho hicho kinatoa nje yanayoweza kudhuru usalama wa nchi au faragha ya mtu. Ile sheria ya kupata habari ya mwaka 2005 inaipa ofisi siku 21 za kumjibu mwombaji, na kumbukumbu za Baraza la Mawaziri haizigusi. Anayefichua uovu analindwa na sheria ya mwaka 2010 akiupeleka kwa mwajiri wake au ofisi zilizotajwa, kama ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali. WhatsApp haimo. Kijana akanyamaza, akaongeza mchuzi.

Saa 8 hadi 10 na nusu naandika, na hii ndiyo sehemu ngumu. Muhtasari wangu ukipingana na faili, msomaji aliyelisoma atanicheka. Nikiupinda kimyakimya ulingane na niliyoyasikia ndani ya taksi, hapo nimeiba bila kuacha alama, na hakuna atakayeweza kukagua nilikotoa. Nikarudi kwenye vitabu vya bajeti, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na Hansadi, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge. Nikapata nusu ya nilichohitaji. Juu ya ukurasa nikaweka: “Umetegemea nyaraka za wazi pekee.” Mzee wa idara aliusoma mstari huo mara mbili, akatia saini.

Saa 11 jioni msaidizi wa mkubwa mmoja anapiga: “Ndugu, mbona hukutaja lile faili?”

“Soma mstari wa kwanza, mheshimiwa.”

Akacheka, akakata.

Saa 2 usiku nipo Bombo, sahani mbele yangu. Mama ananitazama. “Mwanangu, wewe si wa serikali? Hili faili ni kweli? Mwanamke wa dukani amenisomea lote. Ukurasa wa saba wanasema…”

Nikamwomba chumvi.