Pikapu za gitaa langu la kujiundia, nilivyozichagua mara ya pili

Pikapu ninazosemea hapa si gari, ni zile koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, zenye sumaku zinazokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, hizo ndo zinageuza mtetemo wa uzi kuwa umeme mdogo unaoenda kwa amplifaya. Tangu nipige kwenye harusi hapa Langoni, Lamu, watu wananiuliza ile sauti nimeitoa wapi, manake wanajua gitaa lenyewe lilikuja vipande vipande kwenye boksi nikaliunda nyumbani, kwa hivo naandika yote hapa mtu asome kwa nafasi yake.

Umbo lake ni la Stratocaster, ile Fender waliyoitoa mwaka 1954, matundu matatu ya pikapu za koili moja moja. Bodi nilipiga msasa mwenyewe, vanishi nikapakia kwa fundi milango jirani yangu, shingo ikakaa sawa. Shida ilikuwa pikapu zilizokuja nayo. Ukiigeuza moja unaona kipande cha sumaku ya seramiki kimegandishwa kwa gundi huko chini, na zile nguzo sita za juu ni chuma tu. Sisemi seramiki ni mbaya, ziko nzuri sana, ila hizi zilikuwa kali kwenye nyuzi nyembamba mpaka sikio linauma, na koili hazikutiwa nta, kwa hivo ukipandisha volyumu kidogo zinapiga mluzi.

Basi nikaagiza nyingine, na hapa ndo nilipokosea, nilichagua kwa namba. Kila anayeuza anaandika kilo-omu ngapi, nami nikaona yenye 10 lazima iishinde yenye 6. Zikaja na basi mpaka Mokowe, zikavuka na boti, nikazifunga usiku huohuo. Kesho yake mazoezini ami yangu anayetupigia kinanda akasikiliza nyimbo mbili akaniambia, "Mwanangu, gitaa lako lasema ndani ya mtungi." Na ni kweli, sauti nene, imejaa, lakini haitoki. Kwenye chakacha, huu muziki wetu wa ngoma wa pwani, gitaa linapita katikati ya kinanda na ngoma, kila kidole kinatakiwa kisikike peke yake.

Sasa ile omu ni nini, ni ukinzani wa waya tu. Ukizungusha waya mizunguko mingi zaidi pikapu inakuwa na nguvu, sawa, lakini sauti za juu zinapungua na za kati zinavimba. Na kuna jambo lingine wengi hawaliangalii, waya mwembamba unaongeza omu hata kama mizunguko haijazidi, kwa hivo kulinganisha pikapu ya waya namba 42 na ya namba 43, ambao ni mwembamba zaidi, kwa omu peke yake hakukwambii kitu. Uliza waya namba gani, uliza sumaku gani, halafu ndo uangalie omu.

Mara ya pili nikachukua seti ya Alnico 5, hiyo ni aluminiamu, nikeli na kobalti ndani ya chuma, nguzo zenyewe ndo sumaku. Kwenye mita yangu zilisoma kilo-omu 5.8, 5.9 na 6.2, ile kubwa nikaiweka kwa daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye bodi, kwa sababu pale uzi unatetemeka kidogo. Ya katikati nilitaka iwe imezungushwa kinyume na sumaku yake kinyume, ili ukiiwasha pamoja na ya pembeni ule mvumo wa stima ufutane. Kabla ya kufunga nikaijaribu mezani: ukielekeza vichwa vya nguzo vya pikapu mbili zikavutana, basi sumaku ziko kinyume. Zikisukumana, hapana, umeletewa zote za aina moja. Fanya polepole na uziache nafasi, manake zikigongana ghafla utakata waya wa koili ambao ni mwembamba kama unywele.

Mtu atauliza kwa nini sikuweka zile za koili mbili ambazo hazivumi kabisa, zile Seth Lover wa Gibson alizozibuni mwaka 1955. Ni pikapu nzuri mno, lakini tundu langu ni jembamba, ningelazimika kuchimba bodi, na sauti yake ni ya duara kuliko ninayoitaka. Pia zinapenda poti za volyumu, yaani vile vifaa chini ya vitufe vya kuzungusha, za kilo-omu 500, hizi zangu zinataka 250.

Ukishalehemu usizipandishe karibu sana na nyuzi. Hizi za Alnico sumaku yake inavuta uzi na noti inayumba, hata tuning ukiiweka sawa sikio linakataa. Mimi nabana uzi kwenye freti ya mwisho kisha napima kutoka uzi mpaka nguzo, milimita 2.4 kwa uzi mnene na 2 kwa mwembamba, halafu naongeza au kupunguza kwa kusikiliza. Na huku kwetu na hii chumvi ya baharini, futa skrubu na nguzo kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, kutu haisubiri.

Zile za kilo-omu 10 bado ninazo, nzima kabisa. Kama kuna kijana hapa Amu anapiga roki na gitaa lake lina matundu membamba aje azichukue, mita na lehemu ninayo, tutazifunga siku hiyohiyo.