Plagi nyeusi ilivyonidanganya

Mwaka 2013 nilikuwa na boda yangu ya kwanza pale Busia, mtumba wa cc 100, na kwa vile nilikuwa na spana ya plagi, kile kidude cha cheche kinachowasha petroli, na bisibisi mbili basi nishajiita fundi. Asubuhi moja nikaona inakunywa petroli sana, nikafungua plagi palepale stejini, nyeusi tii kama sufuria ya kuni. Nikasema aah petroli inazidi hewa, nikafungua kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa, nikahamisha ile klipu ya sindano inayopima petroli hadi kikato cha juu kabisa ili sindano ishuke, ipitishe petroli kidogo. Kumbe pikipiki ilikuwa imenguruma slowu, imesimama tu, karibu nusu saa na choki ya kubana hewa nimevuta, nangoja abiria, masizi yasijae vipi?

Nikapata abiria wa Tororo na gunia lake la karanga. Hata nusu ya njia hatujafika, joto la injini nalisikia mapajani, nikiongeza gesi inakatakata na kugonga kama ina kokoto ndani. Tulifika kwa kuibembeleza. Abiria akalipa nusu, sikubishana.

Kulikuwa na mzee fundi upande wa lile jiwe kubwa la Tororo. Akachomoa plagi, nyeupe kama chokaa. Mi nikafurahi, "Mzee, si imekuwa safi sasa?"

"Safi wapi mwanangu, hii imeungua. Petroli haitoshi, ungeendelea hivi pistoni ingetoboka."

Nikamweleza ya asubuhi, akatikisa kichwa. Akasema plagi haiweki habari za zamani, ukizima injini ikiwa slowu, rangi itakusomea slowu tu, na sindano uliyogusa kazi yake iko nusu gesi, yaani mkono wa gesi umezungushwa nusu, ukifungua yote hapo ni jeti kubwa, kile kitundu kikuu cha petroli, inatawala. Akarudisha klipu katikati, akafunga plagi mpya, akanituma barabara ya Malaba: kilomita mbili nusu gesi bila kubadilisha, halafu zima swichi hukohuko kwenye mwendo, kamata klachi, iache iserereke hadi isimame, usiiwashe tena. Nikaisukuma kurudi, jua lile la saa saba jamani.

Akachomoa. Kahawia nyepesi, rangi ya biskuti kabisa. "Haya shika uone," nikashika kweli, ikaniunguza vidole, mzee akacheka hadi akakaa kwenye tairi.